Tiketi ya Kwenda kwa Mama

Kazini walimwita Robo Saa, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye dirisha namba tatu la Ofisi ya Ziara na Tiketi, akiwapangia wageni namna ya kuutazama mji mzima wa sanaa, kasri zake, sanamu zake na michoro yake isiyo na idadi, bila kukanyagana. Mgeni akija na siku mbili tu mkononi, wapangaji wengine walimwonea huruma. Robo Saa hakuwa na nafasi ya huruma. Baada ya dakika nane mgeni aliondoka dirishani na karatasi iliyozikata siku zake mbili vipande vya robo saa: robo saa ya kasri, robo saa ya ngazi, robo saa ya choo, robo saa ya kushangaa. Ndiyo, ya kushangaa aliitenga peke yake, maana alishajua kwamba mtu asipopewa nafasi rasmi ya kushangaa atashangaa mlangoni na kuwazibia wenzake njia.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo tuliseme mapema kabla hamjaanza kumnyoshea vidole. Alikuwa mtu wa daftari tu. Daftari lenyewe lilikuwa na jalada jeusi na safu saba kwa siku saba, kila safu imekatwa vyumba vidogo vidogo kwa rula, na humo alijipangia hata mambo yake mwenyewe: kupiga pasi, kukata kucha, kumpigia mama simu. Kumpigia mama simu kulikuwa Jumapili saa tatu na robo asubuhi, na kulikwisha saa tatu na nusu, hata kama mama alikuwa katikati ya neno.

Mama yake alikaa peke yake ng'ambo ya mto, ghorofa ya pili ya jengo la kale lenye ngazi za mawe zilizolika katikati. Mume wake alikuwa amefariki, mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Kila Jumapili mazungumzo yao yalifuata njia ile ile. Mama aliuliza kama anakuja, Robo Saa alijibu kwamba leo kumebana lakini wiki ijayo ataona, mama akasema haya, kisha wakahamia kwenye bomba la jikoni linalovuja. Mara ya mwisho alikuwa ametia mguu pale mwezi wa tatu. Alikaa robo saa kamili, na alipokuwa akifunga kamba za viatu chai yake ilikuwa bado inafuka moshi mezani.

Kuhusu sanaa, mama hakuwa na habari nayo. Robo Saa alipoajiriwa alimpeleka Jumba Kuu la Michoro, ajionee kazi ya binti yake. Mama alipita vyumba sita bila kufungua mdomo, kisha akasimama mbele ya ukuta mtupu uliobandikwa kikaratasi: mchoro huu umeazimwa kwa muda. Hapo aligoma kuondoka mpaka kengele ikalia. Njiani alisema hicho ndicho kitu pekee alichokielewa mle ndani.

Basi, Jumapili moja ya mwezi wa tisa, saa tatu na robo juu ya alama, Robo Saa akapiga simu kama kawaida.

"Mama, shikamoo. Leo kumebana kidogo, nitajitahidi wiki i..."

"Marahaba. Usijisumbue, mwanangu," mama akamkatiza, sauti imechangamka isivyo kawaida. "Hata ungekuja usingepata nafasi. Tumejaa."

"Mmejaa? Nyinyi nani?"

"Sisi hapa. Tumejaa mpaka wiki ijayo. Haya nakuacha, kuna kundi lipo mlangoni."

Simu ikakatwa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kuwa wa kwanza kukata simu, na Robo Saa akabaki na dakika kumi na tatu ambazo hakujua azifanyie nini. Alizimaliza akiitazama simu.

Jumatatu alifika ofisini mapema, akafungua mfumo wa tiketi, akaandika mtaa wa mama yake. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikamletea jibu. Macho yakamtoka pima. "Namba kumi na tatu: Nyumba ya Mama. Ghorofa ya pili. Saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, Jumatatu imefungwa. Wageni sita kwa zamu. Mkusanyiko wa maisha ya familia moja katika zama moja."

Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yake.

Miezi mitano nyuma ofisi ilikuwa imeletewa mfumo mpya, na wafanyakazi wote walipelekwa semina. Mkufunzi aliwaambia kila mmoja ajaze makumbusho ya majaribio, yoyote yale, ilimradi vidole vizoee. Wenzake wakaandika upuuzi. Mmoja alifungua makumbusho ya shangazi yake yenye uwezo wa kupokea watu milioni nane, mwingine alijaza herufi moja tu kuanzia juu mpaka chini, wakacheka kidogo, wakaenda kunywa soda. Robo Saa hakuweza. Mkono wake ulikataa kuandika uongo hata wa mazoezi. Kwa hiyo alijaza nyumba anayoijua kuliko zote, na aliijaza barabara. Viti vya sebuleni alivihesabu kichwani, akapata sita vya wageni. Mlango wa dharura aliuandika: upo, unapitia jikoni hadi ngazi za nyuma. Choo: kimoja, mnyororo uvutwe mara mbili. Semina ilipoisha, fundi wa mfumo alifuta kila kitu kilichoonekana ni cha majaribio. Nyumba ya Mama haikuonekana ni ya majaribio. Ilionekana imetayarishwa vizuri kuliko Jumba Kuu la Michoro, ambalo mpaka leo halina mlango wa dharura.

Kilichofuata kilimfanya ashike tama. Mfumo ulikuwa ukichukua kila nafasi tupu katika ratiba za wageni na kuijaza makumbusho yoyote yenye nafasi, na kwenye karatasi zilichapwa namba tu, si majina. Robo Saa, mchukia nafasi tupu kuliko wapangaji wote, ndiye aliyekuwa amewapeleka wengi. Akahesabu. Kwa muda wa wiki tisa alikuwa amewatuma watu mia nne na kumi na wawili wakamtembelee mama yake, na katika hao yeye mwenyewe hakuwemo.

Mama alishamwambia mara kadhaa kwenye simu kwamba siku hizi ana wageni. Robo Saa alidhani ni jirani.

Kabla hajamaliza kujilaumu, karani wa barua akamwekea bahasha mezani. Mkaguzi kutoka makao makuu angepita kuzikagua nyumba zote za maonyesho kabla ya mwisho wa msimu. Namba kumi na tatu aliipangia Alhamisi ya wiki ijayo, saa tano na robo, na taarifa zote zilizojazwa zingethibitishwa pamoja na jina la aliyezijaza. Hapo Robo Saa akaelewa kwamba asipoifunga Nyumba ya Mama kabla ya Alhamisi hiyo, unga wake umemwagika. Miaka kumi na tisa ya dirisha namba tatu, kwishnei.

Fomu ya kufunga makumbusho ilikuwepo, ukurasa mmoja tu, lakini ilitaka sahihi ya mtunzaji. Mtunzaji, kwa mujibu wa mfumo na kwa mujibu wa Robo Saa mwenyewe, alikuwa mama.

Jumanne alivunja daftari lake. Aliomba ruhusa, akavuka daraja, akakata kona mbili, na saa kumi jioni alikuwa chini ya ngazi zile za mawe akihema. Kwenye ngazi ya kwanza, juu ya mto wa kukalia, alimkuta jirani wa chini, mzee mmoja aliyekuwa mkagua tiketi wa treni kwa miaka arobaini. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Toboa. Tangu astaafu hakuwa na hamu ya kitu, lakini siku hiyo alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, na mkononi alikuwa ameshika kile chuma chake cha kutobolea tiketi, kimesuguliwa kinang'aa.

"Tiketi," akasema.

"Shikamoo mzee. Ni mimi, binti wa juu."

"Marahaba. Tiketi."

"Mzee wangu, umenijua tangu nikiwa na meno ya utoto!"

"Nimekujua, ndiyo. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, nilimjua, na nilimteremsha stesheni ya tatu kwa sababu hakuwa na tiketi. Alitembea mpaka nyumbani. Tena sasa pamefungwa, mwisho saa sita."

Alipojaribu kupita pembeni, mzee akaunyosha mguu. Robo Saa akarudi hatua mbili, akapaza sauti kuelekea dirisha la juu. Baada ya muda mama akachungulia. Alikuwa amesuka nywele upya na amevaa ile miwani ambayo siku zote alidai haioni kazi yake.

"Mama! Nina fomu hapa, usaini mara moja tu, niondoke!"

"Fomu ya nini?"

"Ya kufunga haya mambo! Ilikuwa makosa, Mama. Niliandika kwa majaribio!"

Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama asikilize.

"Kumbe wale watu wote walikuja kwa makosa," mama akasema. "Mbona wao walikaa?"

"Mama, nitafukuzwa kazi. Ni sahihi moja!"

"Nitasaini. Lakini njoo na tiketi kama wenzako, uingie, uzunguke, usikilize mpaka mwisho. Miaka yote umeniambia huna nafasi, nami sikukugombeza hata siku moja. Sasa mimi ndiye sina nafasi. Usilie, panga foleni."

Dirisha likafungwa. Maneno yalimkata maini Robo Saa, hasa kwa kuwa aliyajua vizuri. Yale ya mwisho alikuwa akiwaambia wateja kila siku ya Mungu.

Hapo ofisini kulikuwa na sheria kwamba mpangaji hajikatii tiketi yeye mwenyewe. Sheria hiyo aliitunga Robo Saa. Kwa hiyo Jumatano alitoka kwenye dirisha lake, akazunguka nje, akapanga foleni nyuma ya watu kumi na wanane na mbwa mmoja, mpaka akafika kwa mwenzake wa dirisha namba nne. Mwenzake huyo alikuwa mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu, aliyeisubiri siku kama hii kwa miaka.

"Karibu, mteja. Unataka kutembelea wapi?"

"Usinitanie, dada. Namba kumi na tatu. Kabla ya Alhamisi ijayo."

"Kuna maswali ya lazima. Umeshawahi kuyatembelea makumbusho haya?"

"Nimezaliwa humo."

"Mfumo unataka ndiyo au hapana, na mara ya mwisho ni lini."

"Ndiyo," akasema Robo Saa, na sauti ikampungua. "Mwezi wa tatu."

"Muda uliotumia ndani?"

Robo Saa akaanza kupekua mkoba wake. Mwenye kucha ndefu akamtazama, akaacha utani, akaandika kitu chochote. Akatafuta kwa muda mrefu, akikuna kichwa kwa kalamu. Namba kumi na tatu ndiyo iliyopendwa kuliko zote mjini, akasema, watu wanaandika kwamba mle unakaribishwa kiti. Kote kulikuwa kumejaa. Nafasi moja tu ilikuwa imeghairiwa dakika hiyo hiyo: Alhamisi ya wiki ijayo, saa tano na robo.

Ndiyo, ile ile. Katika zamu nzima ya watu sita, Robo Saa angeingia kwa mama yake bega kwa bega na mkaguzi.

Siku nane zilizofuata hakulala vizuri na hakula vizuri. Alipanga njia za kumwahi mama kabla mkaguzi hajaanza kuuliza, akazipanga upya, akazifuta. Alhamisi alifika saa tano kasoro, fomu imekunjwa kwenye mkoba, na kwenye foleni akawakuta wenzake wa zamu: mchonga sanamu mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi, mume na mke waliovaa viatu vya kufanana, mwalimu mstaafu mwenye kamera, na bwana mmoja mwembamba wa suti ya kijivu aliyekumbatia jalada kifuani. Huyo hakuhitaji kujitambulisha. Hata Mzee Toboa alipokea tiketi yake kwa mikono miwili kabla ya kuitoboa.

Ya Robo Saa aliitoboa mara mbili. "Moja ya leo, moja ya Jumanne ile," akasema.

Juu, mama aliwapokea mlangoni mmoja mmoja, akawashika mkono. Alipomfikia binti yake alimshika vile vile, wala hakuzidisha. "Karibu," akasema. "Tafadhali futeni miguu." Robo Saa akataka kuitoa fomu hapo hapo, lakini mama alikuwa ameshawapa mgongo, na ziara ilikuwa imeanza.

"Namba moja," mama akasema, akionyesha ukutani. "Ndoano ya koti la marehemu mume wangu. Aliangika koti hapa miaka thelathini na moja. Koti nililitoa likavaliwe na watu, ndoano ikabaki imeinama. Nilipojaribu kuinyosha niliona namfukuza."

Wanandoa wakashikana mikono. Robo Saa alikuwa ameipita ndoano hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kujua kwamba imeinama. Mkaguzi akaandika.

Namba nne ilikuwa doa la unyevu kwenye dari ya sebule. Mchonga sanamu alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akatamka kwamba hajaona mstari wenye ujasiri namna ile tangu aanze kazi. Mama akamwambia ni bomba la ghorofa ya tatu, nalo huvuja kila likifunguliwa. Namba saba ilikuwa cherehani iliyoshona sare sita za shule za mtu mmoja, kila mwaka moja ndefu kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Wakazipitia vivyo hivyo, kabati la vikombe vya wageni ambavyo wageni hawakuwahi kupewa, pasi iliyounguza, saa ya ukutani iliyosimama siku ya mazishi na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitia ufunguo. Mama alieleza bila haraka. Robo Saa alijikuta ameliweka daftari lake mfukoni.

Kwenye namba kumi na moja akasimama kama aliyepigwa na bumbuwazi. Juu ya stuli, chini ya bakuli la kioo lililofunikwa kifudifudi, palikuwa na kikombe cheupe. Ndani yake kulikuwa na chai iliyokauka ikaacha pete tano za rangi ya udongo, moja chini ya nyingine. Kikaratasi kilisema: kikombe cha binti, mwezi wa tatu, hakikunywewa.

"Hiki ndicho wanachokipenda kuliko vyote," mama akawaambia. "Wengine wanalia."

"Ni cha kisasa sana," akanong'ona mwalimu mstaafu, na akakipiga picha tatu.

Robo Saa alisikia aibu, aibu ya kweli inayopanda kutoka miguuni. Alitamani kukinyakua kile kikombe akakioshe, lakini kilikuwa na namba.

Wakafika dirishani, kwenye kipande cha mwisho. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, mto wake wa bluu umefifia, na kamba nyembamba imefungwa kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine ili mtu asikalie. Juu ya mto palikuwa na kikaratasi, na hiki mama hakukisoma kwa sauti. Aliwaacha wakisome wenyewe.

"Namba kumi na nne. Binti, wa pekee. Ameazimwa na kazi kwa muda. Tarehe ya kurejeshwa: haijulikani."

Mume na mke wakasogeleana. Mkaguzi akakisoma mara mbili, akafungua jalada, akakunja uso kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hapa pana tatizo," akasema.

Robo Saa aliona sasa kumekucha, bora aseme mwenyewe kuliko kuumbuliwa. "Bwana mkaguzi," akasema, "niseme ukweli. Haya si makumbusho. Hii ni nyumba ya mama yangu. Mimi ndiye niliyeijaza kwenye mfumo, kwa majaribio, na ni kosa langu peke yangu."

Mkaguzi akamtazama, kisha akalitazama jalada, akapitisha kidole kwenye maswali yote, ukurasa hadi ukurasa.

"Fomu hainiulizi hilo," akasema. "Inaniuliza kama wageni ni sita. Ni sita. Kama mlango wa dharura upo. Upo, nimeufungua. Kama mnyororo wa choo unavutwa mara mbili. Nimevuta. Nimekagua nyumba hamsini na mbili mwaka huu, na hii ndiyo ya kwanza ambayo kila kilichoandikwa ni kweli." Akageuza ukurasa. "Tatizo langu ni hili la kumi na nne. Kipande kikuu hakipo, na hakina tarehe ya kurejeshwa. Kanuni hairuhusu. Kitu cha kuazimwa lazima kiwe na tarehe, la sivyo tunakiandika kimepotea. Mtunzaji, niandike kimepotea?"

Mama alikuwa anakunjua ukingo wa kitambaa cha meza ambao haukuwa umekunjika. Mbele ya watu mia nne alikuwa amekieleza kiti hicho, pengine kwa utani, pengine wakacheka, lakini hakuna aliyewahi kumtaka atoe neno hilo kwa mdomo wake. Robo Saa aliona kidevu cha mama yake kinacheza.

"Usiandike," Robo Saa akasema.

"Basi nipe tarehe."

Kwa mazoea mkono wake ukaenda mfukoni kulitafuta daftari. Akalifungua, akaona vile vyumba vidogo vilivyojaa, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akalifunga. Akafungua fundo la ile kamba, akakiondoa kikaratasi, akakaa kitini.

"Leo," akasema.

Mama akamtazama kutoka upande wa pili wa chumba. "Kwa robo saa?" akauliza, na hapo hakukuwa na utani hata chembe.

"Hapana, Mama. Nisamehe."

Mkaguzi alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake haikuwa imekwisha. Akachuchumaa mbele ya kiti, akamtazama Robo Saa usoni, mikononi, kwenye viatu, kisha akaandika huku akitamka neno kwa neno: "Namba kumi na nne. Kimerejeshwa. Hali yake: kimechoka, lakini hakijavunjika." Akagonga muhuri.

Chini Mzee Toboa akapiga kengele. Zamu imekwisha. Watano wakaaga, wakafuta miguu tena wakati wa kutoka, pengine kwa heshima. Robo Saa alinyanyuka nusu, kwa mazoea tu, maana saa sita kasoro robo alikuwa na kundi la mahakimu thelathini dirishani. Mzee Toboa, aliyekuwa amepanda kuhesabu watu, akamnyoshea kile chuma chake.

"Vipande havitoki na wageni," akasema. Robo Saa akakaa.

Mama akanyosha mkono. "Lete hiyo fomu."

Akaivaa ile miwani, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Pale palipoandikwa kufungwa kabisa akapiga mstari, akaandika juu yake: Jumapili tu. Kwenye sababu akaandika: binti yupo. Kisha akatia sahihi, kubwa, ya mtu aliyeshona majina kwenye kola za sare kwa miaka sita.

Robo Saa akaisoma. Bila kuambiwa akatoa daftari, akatafuta safu ya Jumapili, akapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Mstari ulipinda kidogo kwa sababu hakutumia rula.

Kundi la pili lilikuwa limeshaingia, sita wengine, wakifuata namba kwa vidole. Walipofika dirishani wakasimama nusu duara. Bibi mmoja mwenye mwavuli akamwinamia Robo Saa, akamchunguza, kisha akamgeukia mtunzaji.

"Huyu ni wa zama zipi?"

"Wa zama zangu," mama akasema. "Msimguse, ndiyo kwanza amefika."

Akaenda kwenye kabati la vikombe vya wageni, kipande namba nane, akalifungua kwa ufunguo mbele ya watu wote, akatoa vikombe viwili. Chai aliyoileta ilikuwa ya moto, ya moto mno, haikunyweka. Mkobani simu ilikuwa ikiita, pengine mahakimu. Robo Saa akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakipuliza, akakirudisha mezani, akakaa akisubiri kipoe.